Picha ya Mwenye Saluni

Mimi ndiye fundi wa mabango hapa Sumbawanga, nijisifuye kwamba sura nikiiona mara moja haiponyoki. Mwenye saluni mpya aliponiita nimchore ukutani, nililikazania lile wigi lake. Siku hizi mawigi ya kila aina yanaingia tu kupitia mpakani Tunduma. Nikalichora hadi likang'aa.

Jumamosi, rangi ikiwa bado mbichi, akaja mwanamke aliyesuka nywele za uzi, akanyoosha kidole kuigusa picha.

"Wee mama, usiguse!" nikafoka mbele ya wateja. "Mwenyewe akikukuta! Kauze ulezi wako huko sokoni!"

Akatoa lile wigi mkobani, akalivaa taratibu, akinitazama.

"Mwenyewe nimefika," akasema. Kisha akalivua. "Haya, fundi, sasa nichore mimi. Wigi umeshalichora."