Maoni Yaliyotoka Dirishani

Kitabu kile nilikinunua Tanga, njiani nikirudi nyumbani, kwenye rundo la vitabu vikuukuu vilivyotandazwa juu ya turubai. Kilikuwa riwaya nene ya kutafsiriwa, juu ya ukoo wa matajiri wenye benki katika Ulaya ya zamani. Mzee wa ukoo anakufa kwa sumu akiwa mezani, mbele ya wanawe, na kurasa zote zinazofuata ni kumtafuta aliyeitia. Nilipokishika tu nilijua kitakwenda wapi: baraza ya nyumba yetu, Junda.

Baba yangu na wenzake walikuwa na desturi yao. Kwa kuwa kila mara kitabu ni kimoja na wasomaji ni wengi, fundi cherehani wa jirani alikikata kwa wembe mafungu manne, akalishona kila fungu kwa uzi wa gunia na kulivisha kartoni. Mafungu yalizunguka nyumba hata nyumba, na Ijumaa baada ya alasiri watu wakakutana barazani kwetu kutoa maoni. Fungu la mwisho lilibaki kwa fundi, limefungwa kamba, mpaka kila mmoja aseme anamshuku nani.

Mimi sikuwa mtu wa baraza ile. Tangu nimalize sekondari miguu yangu haijatulia: Mwanza, Kigoma, chumba cha kupanga karibu na uwanja wa ndege, kisha safari tena. Lakini kila nilikolala nilizikumbuka sauti za wazee wale wakibishana juu ya watu ambao hawajapata kuishi. Baba alipofariki nilikuja maziko nikaondoka. Sasa nilirudi, mama ndiyo kwanza ametoka eda, nikiwa na kitabu mkobani kama mtu anayeomba radhi.

Kitabu changu nacho kikakatwa vile vile, mafungu yakazunguka, na Ijumaa ya maoni ilipofika, karani mstaafu wa bandari, mkubwa wao, alinivuta pembeni ya baraza, wenzake wakisikia.

"Kitabu hiki tukikimaliza, baraza tutaihamishia kwa fundi. Nyumba ni ya mjane na haina msomaji. Si adabu kumjazia watu mlangoni."

"Mimi nipo, ami."

"Weye upo leo," fundi akadakia. "Kesho tutasikia uko Kigoma ukila dagaa."

Wakacheka, nami nikacheka, maana ni kweli. Lakini nilijua kwamba mama, aliyekaa ndani nyuma ya pazia la dirisha, amesikia. Mafungu yote matatu aliyasoma kabla sijayapeleka kwa mtu. Baraza ikihama, vitabu navyo vingehama, na yeye hana mlango mwingine wa kuvipata.

Maoni yakaanza. Fundi alimshuku mtoto mkubwa wa tajiri, kwa sababu alikwenda kumzika baba yake amevaa joho lisilopigwa pasi. "Mtu mwenye watumishi saba," alisema, "joho likikunjamana, moyo nao umekunjamana." Mwalimu wa madrasa alisema aliyemuua mzee ni riba, na mengine yote ni mapambo ya mwandishi. Karani alimtaja mkwe, mwenye funguo za ghala, maana miaka yake yote bandarini hajaona jambo baya likitokea pasipo mwenye funguo kujua.

Jambo moja walilikubali wote: mjane wa tajiri ni msafi.

"Yule amevaa nyeusi, amejifungia chumbani," alisema karani. "Hatoki, haonani na mji. Atajuaje lolote?"

Hapo pazia likatikisika.

"Shikamooni nyote," mama akasema kutoka dirishani.

"Marahaba, shemeji," wakaitikia, wakajiweka sawa.

"Mwasema hajui kitu kwa sababu hatoki. Nami nilikaa miezi minne na siku kumi ndani ya chumba hiki, sikuvuka kizingiti. Nani kauza kiwanja Utange, nimejua kabla yenu. Nani kaposa akakataliwa, nimejua, na mkataliwa mwenyewe hajui. Kila ajaye kutoa pole huacha habari. Aliye ndani haendi kutafuta neno, neno humfuata mkekani. Yule mjane wenu kafuatwa na ndugu, na daktari, na watumishi wa benki. Lisomeni tena fungu la pili. Kila aliyeingia kwake, kesho yake kafanya jambo."

Karani akavaa miwani, akalifungua fungu la pili, akawa anafunua kurasa huku midomo ikicheza. Mtoto mkubwa aliingia kwa mjane, kesho yake akafunga benki. Daktari aliingia, kesho yake akasafiri. Mkwe naye vivyo hivyo, na funguo zake.

"Shemeji," karani akasema mwishowe, "niwie radhi. Maneno haya ni yako au ni ya marehemu?"

"Marehemu amekufa kitabu hiki hakijafika Junda."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe ndiyo ile kiu," akasema. Maana baba, Mungu amrehemu, alikuwa haanzi kutoa maoni mpaka aingie ndani kunywa maji, na miaka yote walimtania kwamba ana tumbo la ngamia. Mwalimu wa madrasa alicheka hadi akavua kofia. Mimi sikucheka. Nilisimama nimeegemea nguzo, kifua kimejaa, na nilitamani mtaa mzima upite wakati ule uone mimi ni mtoto wa nani.

Karani hakutoa hotuba. Alimtuma fundi aende akalilete fungu la mwisho, na lilipokuja hakunipa mimi. Alilipenyeza mwenyewe chini ya pazia kwa mikono miwili.

"Anza wewe, shemeji. Ijumaa ijayo tuko hapa hapa, inshallah, utupe habari."

Juma lile nilikuwa na safari ya Kigoma. Niliiahirisha. Jumatatu fundi alipita mara tatu kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama mama amefika mahali pa sumu. Jumatano akaja karani mwenyewe, mtu mzima, akajifanya anauliza bei ya nazi.

Niliingia ndani nikamwambia mama kwamba wazee wamekaa roho juu. Alikuwa amekaa kitini, miwani puani, kidole kikitembea chini ya mstari.

"Waambie nimefika katikati," akasema, "na sisomi mbiombio."