Laptopu ya Bei ya Mtamba

Watu wa Kajiado walidhani Naisenya angerudi mpole. Mtu akipoteza jicho, walisema, hujifunza kuinama. Alirudi na mdomo uleule wa siku alizokuwa akiendesha lori la saruji kutoka Athi River hadi Namanga, mwanamke pekee kati ya madereva thelathini na wawili.

Aliendesha kwa miaka tisa. Asubuhi moja, karibu na Ilbisil, jiwe liliruka kutoka kwenye tairi la gari lililomtangulia, likapenya kioo cha mbele na kumpiga jicho la kushoto. Alilisogeza lori kando ya barabara, akawasha taa za tahadhari, akaweka pembetatu nyuma ya trela, ndipo akakaa chini kwenye changarawe. Hospitalini jicho halikuokolewa. Kampuni ilimpa barua fupi na kumwambia kwamba trela haliendeshwi na mtu wa jicho moja.

Kaka yake mkubwa, Hillary, alimpa chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake. Hillary alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, na machache hayo yalikuwa amri. Naisenya akapata kazi ya kuuza nyasi kavu kwenye stoo moja mjini. Miaka miwili ikapita akigombana na kila aliyemkaribia. Shemeji yake Linda akimwambia, "Pole, wacha nikumiminie chai," alijibu, "Nimekuuliza?" Kisha alimimina mwenyewe, nusu ikaingia kikombeni na nusu mezani, kwa sababu jicho moja lilimdanganya umbali wa vitu. Linda alikuwa akipangusa meza, na kwa kupangusa huko Naisenya alimchukia zaidi.

Kati ya watu wote, Ondiek tu ndiye aliyeendelea kumpigia simu. Walikuwa madereva pamoja, na bado alikuwa kazini. Jumapili moja alimwalika kwake Kitengela, akamwekea laptopu mezani. Kwenye skrini kulikuwa na lori jekundu na barabara ndefu.

"Jaribu," Ondiek alisema.

"Mimi si mtoto."

"Hata mimi si mtoto. Lipeleke ile yadi, uliingize kinyumenyume."

Alitaka kukataa tena, lakini trela lilikuwa limekaa vibaya na hilo lilimkera. Akashika vibonye. Mara ya kwanza aligonga ukuta. Mara ya pili alilikunja trela taratibu, akatazama kioo cha pembeni, akanyoosha, akaliingiza kati ya magari mawili bila kugusa chochote. Akabaki ametulia, mikono juu ya meza.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa bapa, tena kwa kila mtu. Hata mwenye macho mawili hakuwa na zaidi yake. Kwa miaka miwili hakuwa ameketi mahali ambapo hakupungukiwa na kitu.

Hakumshukuru Ondiek. Alimuuliza, "Mashini kama hii ni pesa ngapi?"

"Hii yangu ilinikula forty-five thousand. Lakini kuna zile ex-UK, zimetumika ofisini huko nje. Ukijua kuchagua, thirty inatosha." Ondiek akachukua kalamu na kumwandikia kwenye karatasi ya unga. "Usiangalie urembo. Prosesa isiwe chini ya eighth gen, kizazi cha nane. Diski iwe SSD, hizi zingine ni polepole sana. RAM iwe gigi nane, na ziwe mbili za nne nne. Hapo ndipo watu wengi huingizwa baridi, wakauziwa takataka."

"Kwa nini mbili, na jumla ni ile ile?"

"Kwa sababu mashini za bei hiyo hazina kadi zao za picha. Picha inakula kwa RAM. RAM mbili ni kama barabara ya leni mbili. Moja peke yake, lori lako litakwamakwama kila mahali."

Hilo alilielewa mara moja. Ondiek akampa na mchezo wenyewe kwenye flashi, aujaribu dukani kabla ya kulipa.

Thelathini hakuwa nazo. Lakini katika zizi la Hillary alikuwa na ng'ombe watatu, aliowanunua kwa mshahara wa lori. Siku ya soko aliamka mapema, akamtoa mtamba mmoja mwekundu, akamswaga hadi soko la mifugo la Kajiado. Muturi, mchinjaji kutoka Embulbul, alimtazama yule mtamba meno na kwato, wakavutana bei hadi thelathini na nne. Pesa zilikuwa karibu kubadilisha mikono Hillary alipotokea, fimbo begani.

"Huyo ng'ombe hauzwi," alimwambia Muturi. Hakumtazama dada yake.

"Ni wangu," Naisenya alisema.

"Ng'ombe aliye zizini kwangu ni wangu kumtoa. Muturi, ukimnunua huyo, usije kwangu tena kutafuta wengine."

Muturi alitazama huku na huku. Wanaume waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Hillary hapo ndipo alipomgeukia dada yake. "Unamuuza ya nini? Sema hapa, watu wasikie."

"Nanunua laptopu."

"Ya kazi gani?"

Angeweza kudanganya. Angesema ni ya masomo, au ya biashara ya nyasi, na huenda mambo yangeishia hapo. "Ya kucheza," alisema.

Watu walicheka. Hillary hakucheka. "Mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Mungu amekuachia jicho moja, na unataka kulimalizia kwa michezo ya watoto."

"Muturi," Naisenya alisema kwa sauti ya dereva anayeita geti lifunguliwe, "mihuri ya masikio iko na jina la nani?"

Muturi alilishika sikio la mtamba, akasoma. Lilikuwa jina la Naisenya. Akakohoa, akazihesabu pesa, akampa yeye. Kwa Hillary alisema tu, "Mzee, nisamehe." Hillary aliondoka sokoni bila kumsalimia mtu.

Kesho yake Naisenya alikuwa Kitengela, katika duka la kompyuta la mtu aitwaye Njogu. Njogu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na uso uliopima mteja kabla hajafika kaunta.

"Karibu mathe. Ni ya mtoto wa shule?"

"Ni yangu. Ya kucheza gemu ndogo. Niko na thelathini, na sitaongeza."

Njogu alitabasamu, akamletea moja yenye kibodi inayowaka taa nyekundu na buluu. "Hii ndio ya gemu yenyewe. Angalia hizo taa. Kwako, twenty-nine."

Naisenya alifungua sehemu ya mipangilio kama Ondiek alivyomfundisha, akasoma polepole, kichwa kimeinama upande. "Stika inasema eighth gen. Ndani inasema fourth."

"Hizo ni namba tu, mathe."

"Basi andika namba hiyo kwa stika."

Tabasamu likaisha. Alileta ya pili, naye akaikataa kwa sababu diski yake ilikuwa ya kizamani. Ya tatu ilikuwa na feni inayolia kama mashini ya kusaga. Njogu alianza kuzitupa mezani badala ya kuziweka. "Unajua wewe unasumbua? Watu wenye thelathini hawachagui hivyo."

"Watu wenye thelathini ndio wanachagua. Mwenye laki akikosea, ananunua ingine."

Ya nne ilikuwa nyeusi, nzito, pembe moja imechubuka, na herufi kadhaa za kibodi zimefutika. Akaifungua. Eighth gen. SSD. RAM gigi nane, nafasi mbili zote zimejazwa. Akachomeka flashi, akasubiri mchezo ujipange, akaendesha lori kwa dakika kumi huku wateja wengine wakipita nyuma yake na Njogu akiguna. Halikukwama. Akafunga, akalipa elfu ishirini na nane mia tano, akadai risiti.

"Ngoja nikupangusie, nikutafutie na begi," Njogu alisema. Akaibeba hadi mwisho wa kaunta, upande wa kushoto wa Naisenya.

Huenda alidhani upande huo ni giza. Ulikuwa giza kweli. Lakini dereva wa trela huishi kwa kugeuza shingo, na Naisenya aligeuza kichwa kizima. Aliona laptopu mbili nyeusi, za aina moja, na mkono wa Njogu ukitia ile nyingine kwenye begi.

"Fungua hilo begi."

"Si nimefunga tayari."

"Fungua."

"Unaniita mwizi dukani kwangu?"

"Sijakuita chochote bado."

Njogu alilisukuma begi kwa hasira. Naisenya aliitoa laptopu, akaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuamka. Pembe zake zote zilikuwa safi, na RAM yake ilikuwa gigi nne. Akaigeuza, wateja wawili waliokuwa karibu waione.

"Zimechanganyikana tu," Njogu alisema. Kisha, kwa kuwa walikuwa wakimtazama, aliongeza kwa sauti ya juu, "Na wewe, na hilo jicho moja, unajifanya kuona sana!"

Siku nyingine Naisenya angempiga. Badala yake alivuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango, akakaa, miguu ameinyoosha.

"Kuna hili moja," alisema. "Limekuona. Leta mashini yangu."

"Toka mlangoni, ama niite polisi."

"Ita. Waje waone stika zako pia."

Mteja wa kwanza aliyetaka kuingia alimwona, akauliza kuna nini, akaelezwa, akaenda zake. Wa pili vilevile. Wa tatu alikaa kutazama. Baada ya kama nusu saa Njogu aliitoa ile yenye pembe iliyochubuka, akaitupia mezani, chaja ikaanguka sakafuni. Naisenya aliinama akaiokota. Akaiwasha mashini tena, akakagua kila kitu tangu mwanzo, bila haraka, kisha akaondoka. Hakuna aliyemuaga mwenzake.

Alifika Kajiado jioni, akakuta chumba chake hakina stima. Nyumba ya Hillary ilikuwa inawaka taa. Waya uliokuja kwake ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha zimefungwa vizuri kwa utepe mweusi, kazi ya mtu asiye na haraka. Alimkuta Hillary sebuleni akila.

"Umenikatia stima."

"Token za umeme nanunua mimi. Sinunulii michezo."

"Ungeniambia, ningenunua yangu."

"Wewe uliniambia kabla ya kutoa ng'ombe?"

Linda alimwambia mumewe kwa upole, "Baba Soipan, mwache kwanza akule," na wote wawili wakamgeukia kwa ukali uleule. Kwa mara ya kwanza Naisenya aliona jinsi anavyofanana na kaka yake, na hakupenda alichokiona. Lakini hakuomba msamaha, wala Hillary hakuomba.

Mwisho wa wiki alihamia chumba cha kupanga karibu na stoo ya nyasi. Siku mbili baadaye Hillary aliwaswaga ng'ombe wawili wa Naisenya waliobaki, akawaacha nje ya mlango wa chumba hicho mjini, wakila maboksi, akaenda zake. Naisenya alilazimika kumbembeleza jirani mmoja, Kisemei, awachukue kwa malipo ya maziwa. Yeye ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu. Hilo lilimuuma kuliko waya.

Ondiek alipopiga simu mwezi uliofuata, alimkuta mchezoni.

"Inaendaje?"

"Mvua ya huko ndani ikinyesha sana, inakwama kidogo. Nimepunguza vivuli, imekuwa sawa."

"Na Hillary?"

"Tunapitana barabarani."

"Hamsalimiani?"

"Hapana."

"Ungeenda kwake, Naisenya. Hata ukamsalimie tu, sopa."

"Aje yeye," alisema. "Ngoja, niko kwa kona mbaya." Akaiweka simu kifudifudi kando ya laptopu na kupunguza gia.