Mlio wa Mjomba

Harufu ya nta sokoni bado hunisimamisha. Hunirudisha Cheyo, kwenye baraza yetu, ambako mjomba alikaza nyaya juu ya mzinga mtupu wa nyuki, akazipaka nta na kuzisugua kwa kijiti mpaka zikatoa mlio kama wa mtu anayeguna usingizini. Majirani walicheka. Wanamuziki wa bendi ya mjini hawakucheka. Walimletea nyimbo zao zilizokwama, akazitengeneza, na mara nyingine akawapigia ule mzinga wake.

Alasiri moja wimbo wao mpya ulichezwa redioni. Mtangazaji alimsifu mwimbaji, akawataja wapigaji wote isipokuwa mjomba, kisha wimbo ukaanza. Mjomba alikuwa amejilaza mkekani, hoi kwa kulima shambani kwake Ntalikwa tangu alfajiri.

"Kaka, hata jina tu wameshindwa?" mama alisema kwa uchungu, akazima redio.

Mjomba alijikokota akaiwasha tena.

"Tulia, mdogo wangu. Mimi naingia mwishoni."

Tukasubiri. Mlio ulipokuja, mjomba alifumba macho. Mama, bado amenuna, akaacha kupepeta mchele ili ausikie vizuri.