Saisi Aliyeambiwa Anyamaze

Nikiulizwa kazi ya kaka yangu Marhoon hapa Maskati, hujibu kwamba alikuwa saisi, mtunza farasi, na wapo wanaokunja pua. Wakunje. Marhoon hakuwahi kuinua mkono kumpiga mnyama, na mabwana waliompa kazi siwezi kuwasemea hivyo.

Kazi yenyewe hakuisomea. Baba yetu alikuwa na punda wanne wa Kimaskati, wale weupe warefu, waliobeba karafuu kutoka shamba letu la Unguja mpaka mjini. Marhoon alikua nao, akawaongelesha njia nzima kama watu wazima. Wakifika kwenye mtaro huwaambia huu mtaro, wakifika kwenye gogo huwaambia hili gogo, rukeni. Nao huruka. Punda aliyezoea kuambiwa, asipoambiwa husimama, na hapo hata umvute kwa kamba ya meli hatoki.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, mimi na Marhoon tulitoka Unguja na begi mojamoja. Mama yetu, Bi Shaikha, alibaki kumwuguza bibi ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani. Mwaka 1966 bibi akafa, mama akabaki peke yake katika chumba cha kuazima. Sisi tulikuwa na kibanda cha makuti ya mitende pale Hamriya, na nafasi ya kitanda cha mama tulikwisha kuiacha. Lakini ili aingie Oman ilitakiwa barua yenye sahihi ya mtu mkubwa atakayemdhamini. Mtu mkubwa tuliyemjua alikuwa mmoja tu: Sheikh Harub, mwenye duka la vitambaa Matrah na farasi watano Ghubra, bwana wa kaka yangu.

Barua aliiandika Marhoon mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri. Ilikosa sahihi tu. Sheikh Harub akasema inshallah, baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema inshallah, baada ya mavuno ya tende. Miaka mitatu ilikwenda hivyo, na kila nikimwona kaka akirudi na ile karatasi mfukoni, imekunjwa palepale ilipokunjwa jana, nilitamani kwenda Matrah nimkabe mtu.

Sheikh huyo alisema Kiarabu kitupu. Unguja, alisema, alipita tu miezi michache kwa biashara, na Kiswahili hakikumwingia. Wazee wa Matrah labda walijua zaidi, lakini mwenye duka kubwa hujulikana anavyotaka mwenyewe.

Basi mwanzoni mwa 1969 maofisa wa jeshi wakatayarisha mashindano ya farasi kuruka viunzi kwenye uwanda wa Ruwi. Wapandaji walikuja kutoka Bahrain, Karachi na Tehran. Sheikh Harub akataka farasi wake mmoja awemo, mwekundu, jike, jina lake Najma, apandwe na Kapteni mmoja wa Kiingereza. Kapteni alikuja kumpanda mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki, kwa miezi minne, aliyemfundisha ni Marhoon, pwani ya Ghubra, kwa magogo ya mitende aliyoyabeba begani mwenyewe. Alimwita Bibie. Kapteni akiwa juu, Marhoon husimama pembeni na kumwambia, "Haya Bibie, gogo hilo, ruka!" Na Bibie huruka.

Sheikh akamwambia, "Najma akishinda, nitatia sahihi barua ya mama yako siku hiyohiyo." Usiku ule Marhoon hakulala. Mimi pia.

Siku ya mashindano nilikwenda na kikapu cha chakula chake, nikakaa nyuma ya gari la maji, mahali ninapoona uwanja wote. Farasi alikuwa amepigwa brashi mpaka unaweza kujitazama ubavuni mwake. Sheikh Harub akaja na joho lake jeusi, akamwangalia farasi, kisha akamwambia kaka yangu kwa Kiarabu:

"Leo kuna wageni wa heshima. Hiyo lugha yenu ya jikoni iache hukohuko Hamriya. Sitaki kuisikia hapa, hata neno moja."

Marhoon akamwambia kwamba farasi amezoea. Sheikh akasema farasi ni wake, na barua ni yake.

"Sawa, Sheikh," akajibu kaka yangu.

Sawa! Nilimkasirikia kaka kuliko nilivyomkasirikia yule mwenye joho. Maana pale mbele yetu saisi wa Karachi alikuwa akimwimbia farasi wake Kiurdu, na yule wa Bahrain akimpigia wake ulimi na kumwombea dua kwa Kiarabu. Kapteni naye alikuwa akimbembeleza Bibie kwa Kiingereza, na Bibie hakuelewa hata chembe. Hakuna aliyeona aibu. Aibu ilikuwa yetu peke yetu.

Najma akaingia uwanjani. Kiunzi cha kwanza alikiruka, lakini masikio yake yalikuwa yakizunguka huku na huku, yanatafuta. Nilijua yanatafuta nini. Marhoon alikuwa amesimama kwenye kamba, mikono nyuma, midomo ameibana. Kiunzi cha pili farasi akasimama. Kapteni akamzungusha, akamleta tena, akasimama tena. Mara ya tatu Kapteni akampiga kwa kisigino, na farasi akasita ghafla hata mpandaji akapita juu ya shingo na kuanguka mchangani.

Bibie akatimka. Hatamu zinaburura, macho yametoka, anakwenda moja kwa moja kwenye hema la wageni, penye kamba na vigingi vya chuma. Masaisi wakapiga kelele kwa lugha zao zote, akazidi kukimbia. Marhoon hakufungua mdomo. Aliniambia baadaye alitaka kusema, lakini hasira ya miaka mitatu ilimkataza.

Aliyesema alikuwa mwengine. Sheikh Harub alisimama katikati ya wageni wa heshima, joho limemteleza begani, akapaza sauti:

"Tulia Bibie! Tulia mama yangu, hakuna kitu! Marhoon we! Umesimama kama nguzo, huoni mnyama anakwenda kujiua? Mshike, mwana kulaaniwa we!"

Ile haikuwa sauti ya mtu aliyepita miezi michache kwa biashara. Ilikuwa sauti ya mtoto wa mtaani, Mkunazini ya Unguja mjini, aliyekulia barazani. Bibie akapunguza mwendo, akageuza masikio, akasimama hatua mbili kutoka kwenye hema. Kamba moja ilikuwa imemchana mguu, damu inachuruzika.

Marhoon akaenda taratibu, akashika hatamu, akasema kwa Kiswahili kilichosikika mpaka kwangu:

"Umenambia ninyamaze, Sheikh. Nimenyamaza."

Mgeni wa Bahrain akacheka, akauliza ile lugha nzuri ni lugha gani. Sheikh Harub akampa mgongo. Alimfukuza kazi kaka yangu palepale, na akasema barua asahau. Marhoon hata hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti, anauosha mguu wa farasi kwa maji ya chumvi, na machozi yanamtoka, kwa kuwa mnyama aliumia na yeye alikuwa na ulimi wa kumtuliza. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho wa maisha yake.

Mimi sikulia. Kesho yake asubuhi niliichukua ile barua, nikavaa buibui langu la Unguja, nikaenda dukani Matrah. Duka limejaa wateja. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa adabu zote, kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, Sheikh Harub."

Akajifanya anapima kitambaa. Nikakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, nikaondoka. Siku ya pili nikarudi. "Shikamoo, Sheikh Harub." Akaingia ndani. Siku ya tatu akawa mwekundu masikioni, na mteja mmoja akamwuliza kwa nini yule mwanamke haitikiwi. Mtu aliyelelewa Unguja unaweza kumnyima chakula akavumilia, lakini shikamoo ya mdogo wake kuiacha hewani ni kosa alilochapiwa tangu hajaota meno ya pili. Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa nikiitoa polepole.

Siku ya nne nikaitoa tena, nikasubiri. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Marahaba," akasema.

Nikaiweka barua mezani. Akatia sahihi bila ya kuisoma. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa:

"Mwambie Marhoon arudi. Tangu siku ile farasi hataki kula." Akakunja kitambaa. "Na Bi Shaikha, bado anapika ile mikate ya mtama, mofa? Nyie hamjazaliwa, mie nikirudi chuoni kusoma Kurani nilikuwa nnapitia kwake, ananipa mkate wa moto na samli. Alikuwa akinijua vizuri."

Nilimtazama. Miaka mitatu alimwacha mtu aliyemlisha akae peke yake katika chumba cha kuazima, asije akatokea hapa akamwita kwa jina la utotoni mbele ya wateja. Nikakunja barua, nikatoka.

Mama alifika mwezi wa Agosti. Marhoon alikuwa amerudi Ghubra, na sasa alimwongelesha Bibie kutwa bila ya mtu kumkataza. Tulimsimulia mama yote, na mimi nilisimulia kwa ukali, ili achemke kama nilivyochemka. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Harub?" akasema. "Yule aliyekuwa akija na njaa kila jioni? Maskini. Mwambieni aje Ijumaa, nitampikia mofa."

Nikamwambia unga wa mtama umekwisha. Ulikuwapo, debe zima, chini ya kitanda chake.