Kadi Aliyochagua Kapteni

Pale kituo cha malori kila mtu alimwita Nusu Tangi, na hilo jina alijitafutia mwenyewe. Yaani huyu bwana, tangu ashike usukani, hajawahi kujaza tangi. Anaweka nusu tu. Akiingia sheli mjazaji wala haulizi, anaweka nusu, anafunga kifuniko, wanagongana ngumi, safari. Wenzake wakimcheka anawajibu, "Nyie endeleeni kubeba dizeli. Mimi nabeba mzigo wa watu."

Na usidhani ni ubahili. Ukitoka kiwandani na mzigo, kabla hujaingia mjini kuna mizani ya malori, na mizani haijali kama uzito uliozidi ni sukari ya tajiri au ni dizeli yako mwenyewe. Ukizidi umezidi. Unaambiwa egesha pale, na hapo ndipo utakapojua hujui. Kwa hiyo yeye alikuwa anapakia mzigo mpaka mwisho unaoruhusiwa, na tangi analiacha lina nafasi. Maisha yake yote ya barabarani yalisimama kwenye hiyo nafasi.

Lori lenyewe lilikuwa moja tu, kuukuu, jina lake Shangazi, maana linalalamika njia nzima lakini kufika linafika. Lilikuwa la kwake na la kaka yake, Kapteni. Baba yao alipofariki, Kapteni ndiye aliyemlea mdogo wake. Ndiye aliyemfundisha kuendesha pia, tena kwa makonzi. Gia ikikwaruza, konzi. Klachi ikiachiwa vibaya, konzi mbili. "Mpaka leo nikibadilisha gia," Nusu Tangi alikuwa anawaambia wenzake, "kichwa kinajiinamia chenyewe." Wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Basi bwana, Kapteni akaugua mapafu. Akalazwa kitanda cha dirishani, mrija puani, mtungi mrefu wa hewa umesimama kando yake kama mlinzi. Mtu ambaye akiita upande huu wa barabara walikuwa wanaitika upande ule, sasa akisema maneno matatu anapumzika kama aliyepanda ghorofa kwa miguu. Ila kilichomuumiza zaidi hakikuwa kifua. Kilichomuumiza ni kwamba hakuna mtu aliyemuuliza neno la maana tena. Watu wanaingia na maswali yaleyale: umekula, umelala, umeenda haja? Wakimaliza wanageukiana, wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake.

"Nimekuwa kitoto kichanga mimi," alimwambia mdogo wake. "Bado kubebwa mgongoni tu."

"Nani atakubeba na hilo tumbo?"

Kapteni akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nusu Tangi naye akacheka pale pale. Halafu akatoka, akashuka mpaka kwenye ngazi za nyuma, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Sasa, wiki hizohizo ndipo walipoingia kituoni watu wa kadi. Makampuni yenye malori kibao yanapewa punguzo la mafuta toka enzi na enzi. Mwenye lori lake moja ananunua kwa bei ya kwenye pampu, sawa na mwenye pikipiki. Kumbe kampuni za mafuta zikagundua hawa wa lori moja moja ukiwajumlisha ni jeshi. Wakaleta kadi. Kampuni moja kadi yake ni ya kijani: punguzo dogo, lakini unalipata kwa kila lita, hata ukiweka kiduchu, na sheli zake zimejaa njia nzima. Kampuni ya pili kadi yake ni ya bluu: punguzo la nguvu, la kumfanya mtu ajilambe midomo, ila mpaka ujaze tangi kwa mkupuo mmoja, na kwenye njia ya Nusu Tangi sheli yao ilikuwa moja tu.

Sheli hiyo moja iko wapi? Ukitoka kiwandani, unaifikia kabla ya mizani.

Kwa hiyo hapo hakukuwa na cha kuumiza kichwa. Mtu anayeitwa Nusu Tangi achukue kadi ya kujaza tangi? Kijani, imeisha. Lakini akamfikiria Kapteni pale kitandani anaulizwa kama ameenda haja. Akaziomba zote mbili kwa yule dada mgawaji, akasema anakwenda kushauriana na mkuu wake wa kazi, akazipeleka hospitali.

"Kaka, nimekwama," akasema, akaziweka juu ya shuka. "Nisaidie. Nichukue ipi?"

Hapo ungemwona Kapteni! Aliomba mto wa pili mgongoni. Akaomba miwani. Akazishika kadi moja kila mkono, akazinyanyua, akazipindua, akaanza maswali: hii inakata ngapi, ile masharti yake nini, sheli ziko wapi, nani anaziendesha. Nesi alikuja na vidonge, akaambiwa, "Subiri, mama, tuko kazini." Kazini! Shemeji, mke wa Kapteni, alikuwa amekaa pembeni anamenya chungwa, akaacha kisu hewani akamtazama mumewe kama amerudi kutoka safari.

"Bluu," Kapteni akatoa hukumu.

Nusu Tangi akafungua mdomo. "Lakini kaka, mizani..."

"Mizani gani? Mizani si iko kulekule kiwandani? Unapimwa, unatoka, unakwenda zako sheli unajaza. Nani atakupima tena?"

Na enzi zake ilikuwa hivyo kweli. Mizani ilikuwa mlangoni mwa kiwanda; Nusu Tangi alikuwa anapimwa na nusu yake, halafu anaendelea nayo kwa mazoea tu. Waliihamisha yeye akiwa ameshaanza kuumwa, wakaisogeza huku karibu na mji, na hakuna mtu aliyekumbuka kumwambia. Nani angemwambia mgonjwa habari za mizani?

Nusu Tangi alilijua hilo. Neno lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno. Akamwangalia kaka yake, mashavu yamepata damu, miwani imekaa upande, anangoja kusifiwa. Akalimeza.

"Wallahi hilo sikuliona," akasema. "Bluu basi."

"Sasa mbona uko hivyo na miaka yote uko barabarani!" Kapteni akamnyooshea mkono, akampiga konzi. Halikuwa na nguvu hata ya kuua mbu. "Na namba ya simu andika yangu. Nataka hizo meseji za punguzo ziwe zinaingia kwangu, nizione."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kama siyo hiyo namba, angemdanganya tu, angeendelea na nusu yake na Kapteni asingejua kitu.

Alipokuwa anaondoka, shemeji alimfuata kwenye korido. "Daktari kasema tusikae mbali," akamwambia, sauti ya chini. "Mwenyewe amekataa katakata uache safari ya kuchukua mzigo kiwandani, unamjua. Nenda. Ila ukishapakia urudi moja kwa moja, shemeji yangu. Usipitie popote."

"Sipitii popote."

Alienda bila mzigo, na wakati wa kwenda kadi ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi. Yule dada alishasema inachukua siku mbili kuamka. Kiwandani wakampakia sukari, mpaka mwisho kama kawaida yake, maana ndivyo mwenye mzigo alivyoagiza, wakafunga turubai, wakapiga sili ambayo haifunguliwi bila wakala wa mwenye mzigo. Njia ya kurudi ikawa nyeupe. Mpaka anaiona ile sheli ya bluu kwa mbali, imepakwa rangi kama keki.

Alipunguza mwendo. Akaipita kidogo, akasimama pembeni, akabaki ameshika usukani. Kichwani anaona simu ya Kapteni juu ya kile kimeza cha hospitali, kimya. Akaanza kujibembeleza mwenyewe: labda leo mizani ina msongamano wanapitisha tu. Labda kule kiwandani walipakia pungufu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye pampu.

"Jaza."

Mjazaji akamwangalia. "Lote?"

"Lote, mwanangu. Mpaka litapike."

Hata dakika haikupita, simu ikaita.

"Imeingia!" Kapteni, sauti yenyewe imekatikakatika lakini ina sherehe ndani. "Imeandika... hongera! Nimemwonyesha... nesi. Umeona? Umeona ulivyokuwa unatupa pesa?"

"Nimeona, kaka."

"Njoo sasa. Unisimulie."

"Nakuja."

Mizani haikuwa na msongamano. Shangazi akapanda juu ya bamba, akalalamika kidogo, akatulia. Bwana mizani kwenye kibanda chake akaangalia namba, akaangalia lori, akatoa kichwa dirishani.

"Nusu Tangi! Leo umebeba harusi? Umezidi, bwana. Kama wanaume watatu walioshiba."

"Ni mafuta tu, mkubwa. Nimejaza tangi."

"Wewe?" Akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaona sura. "Egesha pale. Mpigie wakala wa mwenye mzigo aje afungue sili, mpunguze magunia."

"Nitoe mafuta tu, basi. Nina mgonjwa mahututi."

"Kutoa mafuta humu ndani hairuhusiwi, unajua. Moto ukiwaka hapa tutatafutana kwa jivu. Na ukikata sili bila mwenyewe, umeiba. Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Wakala akapigiwa. Yuko mbali, atafika kesho asubuhi. Nusu Tangi akaomba, akabembeleza, akatukana, akaomba radhi. Kesho asubuhi.

Unajua alifanya nini? Aliwasha injini akaiacha inaunguruma pale pale, mchana kutwa, ili mafuta yaungue uzito upungue. Madereva wengine wakapita wanamcheka, "Bwana wee, unapika maharage?" Akapanda bamba tena jioni. Labda nusu ya mwanaume mmoja ndiyo iliyokuwa imeungua. Punguzo lote la Kapteni likawa linatoka kwenye bomba la moshi, jeusi, linapanda juu, linapotea.

Jua likiwa linazama shemeji akapiga. "Uko wapi? Anakuulizia."

"Niko kwenye foleni, shemeji. Ndefu hii."

"Acha hilo gari! Panda basi uje!"

Akawa ameshashika mlango ateremke. Lakini nyuma ya shemeji akasikia ile sauti, nyembamba kama uzi. "Nipe... nipe simu... Wewe. Gari lenye mzigo haliachwi. Nilikufundisha nini?"

"Haliachwi, kaka."

"Eeh. Sipotei mimi. Nipo. Utanikuta."

Akarudisha mguu ndani. Akafunga mlango.

Wakala alikuja asubuhi, siyo mapema. Magunia yakashushwa, bamba likakubali, akaruhusiwa. Aliendesha Shangazi kama gari la zimamoto, akaliegesha na mzigo wake wote nje ya ukuta wa hospitali, akapanda zile ngazi za nyuma mbili mbili. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Mtungi wa hewa walikuwa wameshauhamishia kwa mgonjwa mwingine.

Nesi mmoja akamshika bega. "Wewe ndiye wa kadi? Alfajiri, baba. Hakuhangaika."

Wakazika. Watu wakala, wakasali, wakaondoka kidogo kidogo, mpaka uani yakabaki masufuria tu na maturubai ya kurudisha. Nusu Tangi alikuwa anasuuza sahani kwa mpira wa maji, maana mikono ilikuwa inataka kazi. Shemeji akatoka na beseni jingine, akaliweka chini, akasimama.

"Foleni gani ile," akasema, "ya kutoka mchana mpaka kesho yake?"

Akaendelea kusuuza.

"Nimemuuliza dereva mwenzako, yule mnayemwita Mdomo. Yeye alipita njia ileile siku ileile akielekea kiwandani, anasema barabara ilikuwa tupu. Ulikuwa wapi?"

Maji yanamwagika tu juu ya sahani ambayo ilishatakata.

"Kama ulipitia kwa watu wako, sema. Kama ulibeba mzigo mwingine wa juu kwa juu, sema. Kaka yako alikuwa anakungojea. Unajua mpaka usiku alikuwa anasema nini? Hakuongea habari za watoto, hakuongea habari zangu. Kadi! 'Nimemchagulia mdogo wangu kadi.' Kila nesi anayeingia anaonyeshwa ile meseji. Daktari kaja kupima presha, kaonyeshwa. Nilikuwa sijamwona ana furaha hivyo tangu aanze kuumwa. Anasema, 'Wasingenipata mimi wangefanyaje?'" Akapangusa uso kwa kanga. "Sasa niambie. Ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema. Maneno yenyewe machache, yangeisha kabla sahani moja haijasuuzwa. Mizani ilihamishwa. Kapteni hakujua. Shemeji angeelewa mara moja, ni mke wa dereva, na angemsamehe pale pale. Na kuanzia hapo, kila akimkumbuka mumewe na miwani yake upande anasema "bluu", angejua chaguo hilo ndilo lililomzuia mdogo wake asimkute hai.

Akafunga bomba.

"Nilizembea, shemeji," akasema. "Nilisimama mahali, nikalala. Nilidhani muda upo."

Shemeji hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akainama, akachukua sahani alizokwisha kuzisuuza, akazibeba zote, akaingia nazo ndani. Mlango akaurudishia taratibu. Beseni la vyombo vichafu akamwachia.