Kiota Kilichokataliwa

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nilimfukuza mama yangu nyumbani kwa kiota cha ndege. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa karibu wiki tatu niliibeba siri hiyo huku nyumba nzima ikishangilia mayai.

Tuliishi Kapata, hapa Kolwezi, kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mgodi. Baba akirudi kazini hakuingia ndani, alizunguka moja kwa moja hadi nyuma, kwenye kizimba chake. Msidhani nasema banda la kuku! Kilikuwa kirefu kuliko chumba tulicholala, nguzo zake mabomba ya zamani, wavu wa chuma pande zote, na ndani walirukaruka chiriku wa kila rangi. Fahari yake ilikuwa wawili wa asili ya Australia, dume na jike, walioachwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao. Midomo yao ilikuwa myekundu kama pilipili, na sauti yao ilikuwa ya mdoli wa mpira anayebanwa tumbo. Baba aliwachongea visanduku vya mbao ili watage. Mwaka mzima ukapita, hawakuchungulia hata kimoja. Kila jioni aliwasalimia hao kwanza, kisha sisi, na mama aliliona hilo kuliko sisi watoto.

Nje ya ua palikuwa na mkaratusi uliojaa minana, wale ndege wa njano wanaosuka viota kwa majani. Dume husuka, jike huja kukagua. Jike akikataa, kazi yote hukatwa na kuangushwa chini, na dume huanza upya, maskini. Basi chini ya mti ule palijaa viota vizuri, vingine bado vibichi. Lakini nkambo, bibi yetu mzaa baba, aliyekuja kuishi nasi kutoka kaskazini, alikuwa na mwiko wake juu ya viota hivyo.

"Usiokote, Feza," aliniambia. "Ile njo nyumba bibi yake alikatala. Ukiingiza mu lupango, mwanamuke moya atatoka."

Yaani kiota kilichokataliwa na jike kikivuka ua, mwanamke mmoja wa nyumba hiyo ataondoka. Nilimwitikia, na nilikusudia kutii. Ila jioni moja nilimwona dume wa Australia ameshika unyasi mdomoni, anazunguka nao kizimba kizima, hajui pa kuuweka. Hakutaka ubao, alitaka nyasi! Nilitoka mbio, nikaokota kiota kizuri kuliko vyote, nikakificha chini ya blauzi, nikakifunga kwa kamba kwenye pembe ya nyuma ya kizimba. Nilikilaza ubavu ili mlango utazame mbele. Kabla sijatoka, dume alikuwa ameshatumbukiza kichwa ndani. Niliziba mdomo kwa mikono miwili nisipige kelele za furaha.

Asubuhi yake mama hakuwapo.

"Alienda Mutshatsha, ku dada yake," baba alisema, macho yakiwa kwenye sahani. "Dada anagonjwa."

Sikumwamini. Mimi nilijua aliyemtoa mama.

Kufikia siku ya sita jike alikuwa ametaga manne. Baba alicheza pale uani, mtu mzima na kofia yake ya kazi kichwani, akaita majirani, akanibeba juu. "Feza! Mayai! Ine!" Hakuuliza kiota kilitoka wapi, na angeuliza vipi, kwa furaha ile? Nami nilicheka naye, nilifurahi kweli, miguu haikutulia. Halafu usiku nililala upande wa mama kitandani nikanusa mto wake.

Mara moja niliingia kizimbani na wembe wa kukatia kamba. Kiota kikitoka, mama atarudi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Nikaingiza vidole viwili ndani kwanza, nikagusa mayai. Yalikuwa ya moto. Nikatoka na wembe wangu, nikilia kwa hasira, sijui ya kumkasirikia nani.

Yalipoanguliwa, kelele ndogondogo zilijaa uani, na ndizo zilizomleta nkambo. Hakuwa na desturi ya kukaribia kizimba. Alishika wavu, akatazama pembe ya nyuma, akatazama tena.

"Nani alifunga ile nyumba mule?"

"Ni mi, nkambo." Nikamwaga yote: blauzi, kamba, wembe, na kwamba aliyemtoa mama ni mimi. "Mi njo nilimutosha mama."

Nkambo hakunigombeza. Alinitazama, mkono bado kwenye wavu, vitoto vikililia chakula. Kisha akanivuta kifuani pake.

"Kumbe sikukuambia yote. Nyumba ya kukatala, mutoto akizaliwa mule, haina tena ya kukatala. Iko nyumba kabisa. Mwenye alitoka, anarudia."

Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi! Nikamwuliza lini. Aliingia ndani, akafunga kitambaa kichwani, na mchana ule ule akapanda lori la makaa lililokuwa likirudi tupu Mutshatsha.

Siku ya tatu walishuka wote wawili, weusi kwa vumbi la makaa. Mama hakumsalimu mtu. Alizunguka nyumba akaenda kizimbani, akasimama mbele ya kile kiota alichosimuliwa na nkambo hadi alipotabasamu. Baba alikuja nyuma yake polepole, akampokea mfuko. Tangu siku hiyo alitusalimia sisi kwanza, ndege baadaye. Nasema ukweli, alijitahidi.

Nilipoolewa ndipo mama aliponiambia kwamba mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari chini ya kitanda kabla sijagusa kiota chochote. Nilicheka, kisha nikalia kidogo kwa ajili ya yule mtoto mwenye wembe.

Leo nina kizimba changu hapa Kolwezi, na chiriku wangu hutaga katika viota vya kuokota. Nkambo amekwisha kufariki. Nimewauliza wazee wengi wa kwao kaskazini juu ya mwiko ule. Wote wanaujua: kiota kilichoanguka kisivuke ua, mwanamke atatoka. Nikiwauliza sehemu ya pili, ile ya mtoto kuzaliwa ndani, wanatikisa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia.

Nkambo aliitunga pale pale, ameshika wavu, ananitazama. Watoto wangu nawafundisha sehemu zote mbili, na siwaambii ipi ni ya zamani.