Fundi wa Kyuso aliyechonga sabuni ili aelewe michoro

Saa tatu asubuhi, nje ya karakana yake sokoni Kyuso, Kyule Nzau anafungua gunia lililofika jana kutoka Kalamba. Ndani mna vipande vya mashine ya kupura ndengu. Vimekatwa na Kilonzo, fundi mwenye mtambo wa kukata vyuma vizito, ambaye Kyule hajawahi kumwona. Kilichomfikia Kilonzo ni mchoro tu, uliotumwa kwa simu.

Ni mchoro wa kwanza ambao Kyule amechora mwenyewe. Kikundi cha wakulima kinaingoja mashine, na ndengu zimekwisha kukauka mashambani.

Kyule ana umri wa miaka 47. Kwa miaka 22 amechomelea malango, madirisha na vitanda vya shule, akipima zaidi kwa jicho. Siku nzuri humpa shilingi 1,500.

Mwaka juzi mteja alimletea mchoro wa midomo minane ya kutolea nafaka kwenye mashine. Alifanya kazi wiki mbili. Yote ikatoka kinyume, kulia kukawa kushoto. Mteja aliikataa, Kyule akaikata, akatengeneza majiko.

"Vipimo vyote vilikuwa sawa," anasema. "Ni mimi sikujua naangalia kutoka wapi. Hiyo aibu ndiyo ilinipeleka shule."

Alijiunga na darasa la Jumamosi katika chuo cha ufundi, akaketi na vijana wa umri wa watoto wake. Mwalimu wake, Sabrin Hamud, binti wa mfanyabiashara wa mifugo, ana miaka 26. Alipoona kompyuta inamchanganya, aliizima. Akamwambia aende nyumbani achonge sabuni, aiweke ndani ya katoni iliyotobolewa madirisha, kisha achore anachokiona kutoka mbele, juu na ubavuni.

Kyule alimaliza miche mitatu ya sabuni. Mkewe, Mbithe, akaanza kuficha sabuni ya kufulia.

Aliporudi kwenye kompyuta, aliizungusha sura ya chuma kwenye skrini, akairudisha, akaizungusha tena. Sabrin alidhani amekwama.

"Kumbe ni sabuni tu, mwalimu," Kyule akamwambia.

Asubuhi hii vipande vinaingiana kimoja baada ya kingine, hadi kifuniko. Tundu moja linakataa bolti, limepita kando kwa upana wa kidole. Kyule anafungua mchoro kwenye simu, anafuata mistari kwa kidole. Kipimo cha tundu hilo hakipo. Alisahau kukiandika.

Anampigia Kilonzo, ambaye anaanza kuomba radhi kwamba alikisia.

"Hapana, ndugu yangu, kosa ni langu. Ukikosa namba, nipigie kabla hujakata."

Anatoboa tundu jipya, anakaza bolti, anaizungusha mashine kwa mkono. Ngoma ya kupuria iliyo ndani inazunguka bila kugusa popote. Kesho wakulima wataichukua mashine yao.

Mwaka huu anakusudia kufanya mtihani wa serikali wa ufundi. Lakini kinachomkosesha utulivu ni mashine ndogo zaidi, itakayowafuata wakulima wa mbali wasioweza kuja sokoni. Jumatatu atakwenda na tepu kupima mkokoteni wa punda utakaoibeba.

"Huo ndio utaniambia mashine iwe kubwa kiasi gani," anasema. "Kompyuta nitafungua baadaye."